Teremka Tukaze



Katika majina yote ambayo wazee wetu wa pwani waliyapa vyombo vya nyumbani, hatujui lililo la kweli kuliko teremka tukaze. Ndilo jina la kitanda cha kamba, nalo hutaja tabia yake waziwazi: baada ya siku kadha wa kadha kamba hulegea, mlalaji huambiwa ateremke, watu wawili wakaikaza, naye akapanda tena. Vijana wa leo hulicheka jina hilo, na wengi wao hawajapata kukilalia kitanda chenyewe.

Kitanda hiki ni miti minane tu: matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, kimoja mchagoni na kimoja miguuni. Seremala akishazitia ndimi za miti katika matundu yake, kazi yake imekwisha, na kitanda bado hakilaliki. Kilichobaki ni kuwamba, yaani kuitandaza na kuivuta kamba juu ya miti ile hata ibebe mtu. Hiyo ni kazi ya fundi mwingine, na fundi huyo ndiye anayetutoweka.

Wala si chombo cha kudharauliwa. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari, Allah amridhie, aliporejea kutoka vita vya Awtas kuleta habari za kifo cha ami yake, alimkuta Mtume, rehema na amani zimshukie, nyumbani kwake juu ya kitanda cha kamba, na kamba zimeacha alama mgongoni na ubavuni mwake. Neno la Kiarabu lililotumika ni murmal, nalo maana yake ni kilichowambwa. Kila tunapolisomesha somo hilo madrasa, watoto huuliza kamba ziliachaje alama. Watoto wa zamani hawakuwa na haja ya kuuliza.

Katika nyumba zetu kitanda hiki kilikuwa na kazi mbili ambazo samadari na godoro la sponji haziziwezi. Ya kwanza ni ya mzazi katika arubaini yake. Hulazwa juu ya kamba na mkeka, chetezo kikawekwa mvunguni, na joto na moshi wa udi vikapenya hadi mgongoni. (Kukaa ndani siku arobaini kwa namna hii ni ada, si sharia, lakini ni ada yenye huruma, nasi hatuna ugomvi nayo.) Ya pili ni ya maiti. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wamependekeza maiti aoshwe juu ya kitu kilichoinuka, maji yateremke yasituame chini yake, na hakuna kinachopitisha maji kama kamba.

Yaliyotufanya tuandike haya yalitukia mwaka jana, Ukambani. Miaka kadhaa sasa tumekuwa tukienda huko kusomesha, Kibwezi katika Kaunti ya Makueni na Kitui mjini, mara tatu au nne kwa mwaka. Kibwezi tunafikia kwa mama mmoja mjane, Mkamba, Mwislamu wa kuzaliwa, ambaye binti yake ameolewa Mombasa. Binti akashika mimba yake ya kwanza, na kwa desturi angerudi kwa mamake kujifungulia. Mkwewe wa Mombasa alikubali kwa sharti moja: mjukuu wake asizaliwe kwenye nyumba isiyo na kitanda cha kamba. Mjane alikuwa nacho. Kilikuwa cha marehemu mumewe, kimesimamishwa ukutani nyuma ya ghala, miti mizima, kamba zimeoza zikabaki nyuzinyuzi. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

"Sheikh," alituambia, "kamba nitasokota mimi. Nitafutie wa kuwamba."

Kuhusu kamba hatukuwa na shaka naye. Kwetu pwani kitanda kiliwambwa kwa kamba ya usumba wa nazi, au kwa kambaa za miyaa, lakini Ukambani nchi ni ya mkonge. Kibwezi kuna shamba kubwa la mkonge la Dwa, ndugu wa lile la Vipingo ambalo kila msafiri wa Kilifi amelipita, na mbali na shamba hilo hakuna boma la mwanakijiji lisilo na mistari ya mkonge mipakani, umepandwa kuzuia mbuzi na mmomonyoko. Nao ni mgeni. Asili yake ni Mexico. Uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche elfu aliyoagiza ilifika hai 62 tu. Kabla yake wanawake wa Kikamba walisukia vyondo vyao nyuzi za gamba la ndani la mbuyu, na mibuyu ingali imejaa toka Mtito Andei hata kusini ya Kitui.

Tulikaa kizingitini tukimtazama mama yule akifanya kazi. Jani la mkonge hupasuliwa, likavutwa kati ya kisu na gogo mpaka nyama yake ya kijani itoke yote, maana ikibaki ndiyo itakayoozesha kamba. Nyuzi huoshwa, huanikwa, huchanwa. Kisha mafungu mawili huwekwa pajani, yakasukumwa kwa kiganja kwenda mbele ili kila fungu lijisokote peke yake, yakarudishwa nyuma ili yazungukane. Mbele na nyuma, na kamba inarefuka upande wa kushoto bila yeye kuitazama, huku akimjibu jirani na kumkemea kuku. Alisokota pima 140 kwa wiki tatu. Wanaume wanaokwenda sokoni na kubishania bei ya kamba kama iliyo hii wangefaa wakalishwe kizingitini asubuhi moja.

Kamba njema hujulikana kwa mkono. Ishike kwa vidole, izungushe kinyume cha msokoto wake: ikifunguka upesi, itakulegeza. Ipitishe katikati ya kiganja ukiwa umefumba macho: penye pembamba utapasikia, na hapo ndipo itakapokatikia. Kuna wanaopendelea nailoni kwa kuwa ni rahisi na haiozi. Sisi hatuikubali kwa kitanda cha mzazi. Fundo lake huteleza, inavutika bila kikomo, na ikipata joto la chetezo huyeyuka. Katani nayo huungua, ndiyo, kwa hiyo chetezo kisisogezwe karibu wala kisiachwe bila mtu. Lakini haiyeyuki ikamgandia mtu mwilini.

Ama fundi, tulimpata Kitui, kwa tabu. Waislamu wa Kitui mjini ni watu wa siku nyingi. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu, na wapwani nao wakipanda kwa biashara hiyohiyo, na vitu vingi vya nyumba za pwani vikapanda nao. Kitanda cha kamba kilikuwa kimoja. Mzee tuliyeelekezwa kwake alikuwa amewamba vitanda tangu ujana, lakini kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia. Alitusikiliza mpaka mwisho, akautazama mkono wake uliolala mapajani, akasema:

"Mwanangu, umechelewa. Mkono mmoja hauwambi."

Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akitumiminia chai, akasema, "Babu, wewe una mdomo. Mikono ninayo mimi."

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaeleza kwamba kitanda cha kuoshea maiti cha msikiti wao kilikuwa kimelegea hata waoshaji walikuwa wakitanguliza mbao chini yake, na maji yakituama juu ya mbao. Kama binti anataka kujifunza, aanze na hicho. Akikiweza, aende Kibwezi.

Habari hiyo ilipofika msikitini baadhi ya watu waliguna. Walisema kuwamba ni kazi ya wanaume, na kitanda cha maiti je! Tuliombwa tuseme neno, tukasema fupi. Maiti wa kike huoshwa na wanawake, na hiyo ni ibada. Aliyeruhusiwa kumwosha maiti hawezi kukatazwa kukaza kamba atakayolalia maiti huyo. Kazi yenyewe haina jinsia katika fiqhi yetu. Ina jinsia katika mazoea tu, na mazoea hayo yalikuwa yamewaacha na mbao.

Basi kazi ikaanza, mzee kitini uani, sisi na kijana mmoja wa msikiti tukisaidia kushika. Siku ya kwanza hapakuwambwa kitu. Alitaka kwanza miti ipimwe: uzi kutoka pembe hadi pembe, kisha kati ya pembe mbili nyingine. Nyuzi hizo mbili zisipolingana, kitanda kimekaa mshazari, na kamba zitazidi kukipinda. Kisha akataka kamba ilowekwe usiku kucha. Asubuhi ilifungwa kati ya miarobaini miwili, ikaning'inizwa mawe katikati, ikaachwa mpaka ikauke kwa jua la Kitui, ambalo halikawii. Katani ikilowa huvimba na kufupika, ikikauka hulegea, na kamba mpya ina urefu uliojificha ndani ya msokoto wake. Usipoutoa urefu huo mtini, alisema mzee, utautoa mlalaji kwa mgongo wake.

Siku ya pili kamba ilisuguliwa kwa kumbi la nazi kuondoa vinyoya vichomavyo, ikafungwa mafundo mawili ya duara, kila upande wa kamba duara lake, ili katikati ya kamba ibaki wazi. Hapo palikuwa na siri ya kwanza. Shibiri moja na nusu kutoka kitakizo cha miguuni ilifungwa kamba nene, kutoka mfumbati huu hadi ule. Kamba za urefu, ambazo mzee aliziita mtande kama za mfumaji, hazifiki kwenye kitakizo cha miguuni. Huzunguka kamba hiyo nene na kurudi mchagoni. Nafasi inayobaki ndiyo ya kukazia baadaye.

Na mtande hauanzii pembeni. Wazee wetu walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na kwenye kitanda methali hiyo unaiona kwa macho: ukianza ubavu mmoja ukavuta kuelekea wa pili, nguvu zote hukaa ulikoanzia na miti hujikunja kama mgonjwa. Binti alianzia katikati ya kitakizo cha mchagoni. Duara moja likaenda kulia safari moja, la pili kushoto safari moja, zamu kwa zamu, nafasi ya vidole vitatu baina ya kamba na kamba, mpaka zikafika mifumbati kwa pamoja.

Kamba za mapana, mshindio, zilianzia mchagoni: juu ya mbili, chini ya mbili, safari inayofuata zikihama kamba moja. Hapo binti alivuta kwa nguvu zake zote na mzee akapiga kelele. Hakutaka nguvu. Alitaka kila safari ivutwe sawa na iliyotangulia. Alimwagiza azungushe kamba kwenye kigingi cha mti mgumu chenye urefu wa dhiraa, akanyage mfumbati kwa unyayo, na avute kwa uzito wa mwili wake akiegemea nyuma, si kwa misuli ya mikono, kwa sababu mikono huchoka na uzito wa mwili haupungui kati ya asubuhi na adhuhuri. Na kabla hajalegeza kigingi, msaidizi apigilie kabari ndogo pale kamba inapozunguka mfumbati, ili kilichokwisha kuvutwa kisirudi. Kabari hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu. Tulipigwa kelele nasi pia.

Kila safari tano mzee aliomba anyanyuliwe. Alikisogelea kitanda, akaipiga kamba kwa kidole cha mkono wa kushoto, akainama kusikiliza. Zikilia sauti moja, alirudi kitini. Ikilia moja chini ya wenzake, ilirudiwa yeye na zote zilizomfuata. Sikio hilo alilipata kwa wajomba zake, watu wa uta, ambao hawakutoka kuwinda bila kuusikiliza ugwe.

Theluthi ya mwisho ndiyo ngumu. Mshindio unapoongezeka mtande nao hukazika, na mkono haupiti tena kati yake. Hapo hutumika shazia, ile sindano kubwa ya magunia, au kijiti kilichochongwa ncha na kupakwa sabuni, na nyundo ya mti ya kusogeza safari zikaribiane. Mikono ya binti ilitoka damu. Mzee aliiona, akakatiza kazi mpaka kesho, na jioni ile hakusema sana.

Mwisho wa yote ni kamba ya miguuni. Hupitishwa kati ya kamba nene na kitakizo, kwenda na kurudi, ikavutwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na fundo lake liwe la kufunguka, kwani hufunguliwa siku ya tatu, ya kumi, na kila ikibidi.

Tuliporejea Mombasa tulimsimulia kijana wa jamaa zetu ambaye hufunga nyuzi za raketi za tenisi. Tulidhani atacheka. Alitupeleka kwenye mashine yake, akatuonyesha: nyuzi za urefu kwanza, kutoka katikati, zamu kulia na kushoto ili fremu isipinde, za mapana baadaye, juu na chini, koleo ndogo ya kuzuia uzi usirudi, ambayo ni ile kabari yetu, na mkono wa chuma wenye uzito unaoshuka wenyewe, ili kila uzi upate mvuto sawa, kilo 20 hadi 27 kwa kadiri ya mchezaji. Nyuzi bora kabisa, alisema, mpaka leo hutengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe. Nazo hulegea, zaidi siku ya kwanza. Akaipiga raketi kwa kiganja, akasikiliza. Tulimwambia kuna mzee Kitui wanaofaa kuonana.

Kitanda cha msikiti kilikwisha siku ya tano. Kilichukua pima 60 na kitu. Wiki iliyofuata akafa bibi mmoja wa mtaa ule, akaoshwa juu yake, na waoshaji wakatuma salamu kwamba maji yalikwenda yote.

Salamu hizo ndizo zilizoleta matata. Habari zilifika Mombasa kabla yetu, na mkwe akapiga simu Kibwezi: kamba iliyobaki ya kitanda cha maiti, na mikono ileile, ndiyo ya kumlaza mkaza mwanawe na mtoto mchanga? Alisema ni mkosi. Tulimpigia, tukamweleza kwa upole kwamba kuagua mikosi kwa vitu na watu ni jambo ambalo Mtume wetu amelikataza, na kwamba kitanda cha maiti ni kitanda cha sisi sote. Alisikiliza, akasema, "Sawa, Sheikh," kwa sauti ambayo kila mwenye mama anaijua. Moyo haukazwi kwa simu moja. Mjane wa Kibwezi alipoambiwa hakupandwa na hasira. Alisema kamba zote zilitoka kwenye paja lake, na paja hilohilo ndilo lililompakata yule binti alipozaliwa. Kama kuna mkosi umetoka kwake, na kama haupo tusiupoteze muda, mimba imeshafika mwezi wa tisa.

Mjukuu wa mzee alikwenda Kibwezi kwa matatu, kupitia Mutomo na Ikutha na kuvuka Mto Athi, ile barabara ya lami iliyotuokoa wengi na kuzunguka kwa Machakos. Alikuwa na kigingi cha babu yake, shazia, na bonge la sabuni. Alikataa kuanza kabla hajapima pembe, na alikuta mfumbati mmoja umepungua. Ilibidi seremala aitwe kutia kipande katika tundu. Kazi ilimchukua siku tatu badala ya tano. Kila alipofika safari ya tano alimpigia simu babu yake, akaisogeza simu karibu na kamba, akaipiga kwa kidole, na mzee kule Kitui akasikiliza.

Mtoto alizaliwa siku nane baadaye, wa kike. Mkwe alifika kutoka Mombasa na udi wake, na kabla hajaketi aliingia chumbani, akaubonyeza mkeka kwa viganja vyote viwili, mchagoni, katikati, miguuni. Hakusema kitu. Siku ya kumi ilipofika, mzazi aliteremshwa taratibu akaketi kwenye mkeka na mwanawe. Fundo la miguuni likafunguliwa. Mjane alishika upande mmoja wa kamba na mkwewe wa pili, na binti wa Kitui akiwaelekeza ni ipi ya kuvuta kwanza. Kamba ilitoa shibiri mbili.